Kansere ya utumbo: mbele ya kutafuta mulozi, tuandike majina ya jamaa

Bandugu wachimbaji, mama na baba wa Basoko, leo tunawaandikia juu ya jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini tu: damu kwenye choo, na jamaa ambazo watu wao wanakufa kwa tumbo, mmoja kiisha mwingine.

Kuna mwenzetu mmoja wa sendika ambaye tulimzika akiwa na miaka 41. Hatutataja jina lake, juu watoto wake wangali wanasoma. Alikuwa mtu wa tami, wa kusimama ndani ya maji toka asubuhi mpaka jua kuzama. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alikuwa anaona damu kwenye choo. Mara ya kwanza walimwambia ni amibe, akanywa dawa. Mara ya pili walimwambia ni emoroidi, akanywa dawa tena, akaongeza na mizizi. Alikonda, akachoka, lakini aliendelea na kazi juu nyumba ilikuwa inamngojea. Siku walipomkuta na uvimbe ndani ya utumbo mkubwa, ulikuwa umekwisha kufika kwenye maini.

Sasa sikieni yaliyofuata. Kwenye kilio watu walianza kuhesabu. Baba yake alikufa kwa tumbo mbele ya kufikisha miaka 50. Baba yake mdogo vilevile. Shangazi mmoja alikufa kwa kansere ya nyumba ya mtoto. Alibaki shangazi mkubwa peke yake, mama mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye afya, anayeenda shamba kila siku. Vijana wakasema: «Bote balikufa, yeye peke yake alibakia. Njo yeye anabakula.» Yule mama alifukuzwa ndani ya nyumba ambayo alisaidia kuijenga kwa mikono yake.

Sisi wa sendika tulikuwa pale. Tulinyamaza, juu hatukuwa na jibu. Leo tuko na jibu, na tunaona ni deni kuwapa.

Tami mbili

Kila mtu anapozaliwa anapokea maagizo ya kujenga mwili wake, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Maagizo yale njo wanayaita jeni. Mwili unajitengeneza upya kila siku, na zaidi sana ngozi ya ndani ya utumbo, ambayo inabadilika ndani ya siku chache tu. Kila mara mwili unanakili maagizo yale, na kila mara makosa madogo yanaingia, sawa vile mwanafunzi anavyokosea herufi akinakili somo refu. Kwa hiyo kuna jeni ambazo kazi yao ni kukamata makosa na kuyarekebisha.

Mchimbaji ataelewa mbio. Jeni zile ni kama tami yetu ya kuchunga changarawe. Kila mtu anazaliwa na tami mbili kwa kazi ile, moja ya baba na moja ya mama. Kama moja imetoboka toka kuzaliwa, ya pili inaendelea kukamata makosa, na mtu anaishi vizuri bila kujua kitu. Lakini miaka inapita, na siku moja ile ya pili inatoboka nayo ndani ya seli moja ya utumbo. Toka hapo makosa yanapita bila kukamatwa, yanajazana, na kansere inaweza kuanza. Aliyezaliwa na tami mbili nzima ni lazima zote mbili zitoboke kwanza, na hiyo haifiki kwa urahisi.

Ugonjwa huu wa tami iliyotoboka unaitwa ugonjwa wa Lynch. Jeni zake zinajulikana: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kati ya watu 100 wenye kansere ya utumbo mkubwa, karibu 3 wako nao. Mtu mwenye kosa kwenye MLH1 ao MSH2, kama hapimwi, hatari yake ya kupata kansere ile katika maisha inakaribia nusu kwa nusu. Kwa PMS2 hatari ni ndogo zaidi. Na mara nyingi kansere hii inakuja mbele ya miaka 50, wakati mtu angali na nguvu za kazi na watoto wadogo. Kwa wanawake, kosa lilelile linaleta pia kansere ya nyumba ya mtoto. Ndiyo kusema kaka aliyekufa kwa tumbo na dada aliyekufa kwa nyumba ya mtoto, wanaweza kuwa walibeba kitu kimoja.

Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, wa jeni inayoitwa APC, ambayo wanasayansi waliikuta mwaka wa 1991. Huo unaotesha ndani ya utumbo vinyama vidogo vinavyoitwa polipi, mamia, hata maelfu, toka ujana. Bila matibabu, karibu kila mwenye huo ugonjwa anapata kansere akiwa na miaka 40 hivi. Kwa bahati ni wa nadra: hata mgonjwa 1 kati ya 100 wa kansere ya utumbo hafiki.

Sasa turudi kwa shangazi. Mzazi mwenye tami moja nzima na moja iliyotoboka, anampa mtoto moja kati ya hizo mbili. Ni kama kurusha kifuniko cha chupa ya bia: kinaanguka upande huu ao upande ule. Kila mimba ni kurusha upya. Kati ya watoto wanne, wawili wanaweza kupokea ile mbovu, ao watatu, ao wote, ao hata mmoja. Na yule aliyepokea ile nzima, yeye na watoto wake wametoka ndani ya hatari ile, juu hawezi kuwapa kitu ambacho hana.

Hakuna aliyepima damu ya jamaa ya mwenzetu, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini jamaa ambamo wengi wamekufa mapema na mmoja akazeeka salama, njo vile hasa ugonjwa wa kurithi unavyojionyesha. Yule mama hakumkula mtu. Inawezekana kabisa kwamba kifuniko kilianguka kwake upande mzuri. Tulimfukuza mtu juu ya kosa la kuwa mzima.

Hata Wazungu walidharau mwanzoni

Msifikiri mambo haya yalijulikana tangu zamani kwa wengine. Mwaka wa 1895, katika mji wa Ann Arbor kule Marekani, fundi mwanamke wa kushona nguo alimwambia munganga Aldred Warthin kwamba anajua atakufa angali kijana, juu watu wa jamaa yake wote wanakufa kwa kansere ya tumbo ao ya nyumba ya mtoto. Na njo vile ilivyokuwa. Warthin hakumcheka. Aliandika majina ya jamaa nzima, na mwaka wa 1913 akatangaza habari yao. Munganga mwingine, Henry Lynch, aliendelea na kazi ile tangu miaka ya 1960, na wengi hawakumwamini. Jeni zenyewe zilianza kukutwa mwaka wa 1993. Angalieni: yule mama fundi alijua karibu miaka 100 mbele ya mashine, kwa kuhesabu vifo vya jamaa yake tu.

Na msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Afrika ya Kusini, upande wa Namaqualand, nchi ya shaba na almasi kama ya kwetu, kuna jamaa ambazo zina kosa moja lilelile kwenye jeni MLH1. Waganga wa Cape Town walifuata majina, nyumba kwa nyumba. Kiisha wakaanza kupeleka vyombo vya kuangalia utumbo kwenye hospitali ndogo za kule mbali, badala ya kungojea masikini wafike mjini. Mwaka wa 2009 walitangaza matokeo ya watu 178 wenye kosa lile. Kati ya wale waliokubali kupimwa, 2 kati ya 100 walikufa kwa kansere ya utumbo. Kati ya wale ambao hawakupimwa, walikufa 12 kati ya 100. Jeni ni moja, inchi ni moja. Tofauti ilikuwa kupimwa.

Sababu yenyewe ni hii: kansere ya utumbo mara nyingi inaanza kama polipi ndogo. Munganga anaingiza mpira mwembamba wenye kamera, wanaita kolonoskopi, na akikuta polipi anaikata palepale mbele igeuke kansere. Kwa watu wenye Lynch wanashauri kuanza karibu na miaka 25, kila mwaka mmoja ao miwili.

Si damu peke yake

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, juu kuna mtego.

Magonjwa ya jeni moja yenye nguvu ni karibu 5 tu kati ya kansere 100 za utumbo. Kwa wengine wengi, urithi upo lakini ni wa kidogokidogo. Mpaka mwaka wa 2023 wanasayansi walikuwa wamehesabu zaidi ya sehemu 200 za ADN ambazo kila moja inaongeza hatari kidogo sana. Hesabu ile waliifanya kwa watu wa Ulaya na wa Asia ya Mashariki, zaidi ya wagonjwa 100 000. Waafrika hawakuwa ndani, na huku Afrika njo yenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote. Kwa hiyo vipimo vya hesabu ile ambavyo Wazungu wanatengeneza, kwetu haviwezi kusema kweli mpaka na sisi tuhesabiwe, kwa ruhusa yetu na kwa faida yetu.

Mambo mengine yanatoka kwa maisha. Denis Burkitt, munganga wa hospitali ya Mulago, Kampala, yule ambaye kansere ya taya ya watoto imeitwa kwa jina lake, aliona kwamba kansere ya utumbo ilikuwa ya nadra sana kwa Waafrika wa vijijini. Mwaka wa 1971 aliandika kwamba chakula chenye makapi mengi kinasaidia. Mwaka wa 2015 wanasayansi walichukua watu 20 wa vijiji vya Afrika ya Kusini na watu weusi 20 wa Pittsburgh, Marekani, wakabadilisha chakula chao kwa wiki mbili tu. Alama za hatari ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani, na zikapanda kwa Waafrika. Wiki mbili! Kwa hiyo sombe, maharagi, lenga-lenga na matunda si chakula cha aibu cha masikini. Lotoko na bia nyingi, tumbako, na nyama ya kuhifadhiwa kwa chumvi ao moshi ikiliwa kila siku, hivyo vinaongeza hatari kwa kila mtu, mwenye jeni mbovu na asiye nayo.

Na kazi? Shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, la Lyon kule Ufaransa, linasema wazi kwamba amianti inaleta kansere ya mapafu. Kwa utumbo mkubwa, limeona alama za uhusiano, bila kufikia hakika. Mwaka wa 2019 lilisema vilevile juu ya kazi ya usiku. Mchimbaji wa ekipe ya usiku asidanganywe kwamba kila kitu kimethibitishwa, lakini asidanganywe pia kwamba hakuna kitu.

Mtego njo huu. Siku bosi atakaposikia neno «urithi», atasema: «Ugonjwa wako uko ndani ya damu ya baba yako, hauhusu kazi yangu.» Ao, vibaya zaidi, atauliza habari za jamaa yako mbele ya kukuandika kazi, na kukuacha mlangoni. Sisi tunasema apana. Urithi unampa mtu hatari, haumnyang'anyi haki. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kutoa matunzo kwa mfanyakazi na jamaa yake, hata kama ugonjwa haukutokea mahali pa kazi. Haisemi: isipokuwa wale waliorithi ugonjwa.

Tunachodai

Kwanza, kila munganga wa kampuni na kila kituo cha afya kinachotunza wachimbaji kiulize maswali matatu: Nani katika jamaa alipata kansere? Ya nini? Akiwa na miaka mingapi? Majibu yabaki siri ya munganga. Yasifike kamwe kwenye ofisi ya bosi.

Pili, mchimbaji akirudi mara ya pili na damu kwenye choo, asipewe tena dawa ya amibe bila kuchunguzwa. Kuna kipimo kinachohitaji kidole na glovu tu, na munganga anaweza kugusa uvimbe ulio karibu na mlango. Wanaume wenzetu wanakimbia kipimo hicho juu ya haya. Bandugu, haya inaisha ndani ya dakika mbili.

Tatu, kodi ya madini isaidie kununua chombo cha kolonoskopi kwa hospitali ya serikali hapa mjini na kufundisha watu wa kukitumia, ili masikini asilipe bei ya tajiri. Kanuni ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema asilimia 25 ya kodi ya madini ni ya provinsi, na asilimia 15 ni ya mamlaka ya pale madini yanapotoka. Pia kampuni inapaswa kutenga angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Madarasa ni mazuri, lakini na tumbo la baba wa watoto ni maendeleo pia.

Nne, wachimbaji wa mikono, ambao hawana bosi wa kuwalipia hospitali, kopirative zao ziwe na sanduku la ugonjwa. Kila mmoja atoe franga kidogo kila wiki ya kuuza. Tumezoea likelemba ya kununua pompe. Tufanye na likelemba ya kwenda kupimwa.

Wengine watatuambia: «Ninyi wa sendika, malaria inaua watoto, mashimo yanaanguka juu ya vijana, na ninyi munasema jeni?» Ni kweli, na mashimo tumeyapigania na tutaendelea. Lakini mtu wa miaka 41 aliyekufa kwa kansere ameacha mjane na mayatima sawasawa na aliyefukiwa na udongo. Wengine watasema: «Kujua kunasaidia nini kama mashine haiko karibu?» Kunasaidia. Anayejua habari za jamaa yake hatangoja mwaka mmoja na nusu. Ataenda na miezi ya kwanza, wakati uvimbe ungali mdogo na unaweza kukatwa.

Kila jamaa ifanye hivi

Nunueni kaye moja. Andikeni babu na bibi, baba na mama, wajomba, shangazi, kaka na dada. Kando ya kila jina andikeni alikufa na miaka mingapi, na kwa ugonjwa gani. Kama hamjui jina la ugonjwa, andikeni mlichoona: damu kwenye choo, kufunga choo, uvimbe wa tumbo, damu ya mwanamke iliyorudi kiisha uzee. Angalieni upande wa baba na upande wa mama, juu kosa linapita kwa wote wawili.

Kama mzazi, kaka ao dada yako alipata kansere ya utumbo, hatari yako ni karibu mara mbili ya mtu mwingine. Anza kufuatiliwa ukiwa na miaka 40, ao miaka 10 mbele ya umri aliougua yeye. Ile inayokuja kwanza njo uchague. Kama ni wawili ao watatu wa upande mmoja, na mmoja alikuwa chini ya miaka 50, pelekeni kaye kwa munganga na mseme wazi: «Tunaogopa ugonjwa wa kurithi.»

Na kila mtu, mwenye kaye ao asiye nayo: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi, kukonda bila sababu, uchovu wa damu kidogo, usinyamaze. Mara nyingi haitakuwa kansere. Lakini munganga njo wa kusema hivyo, si jirani.

Tunajua mahali pazuri pa kuandikia kaye: kwenye kilio. Pale jamaa yote iko, wazee wanakumbuka, vijana wanaandika. Ni palepale ambapo tumezoea kutafuta mulozi. Kwa saa zilezile tunazopoteza kwa kushitaki mtu, tunaweza kuokoa watoto wa marehemu.

Watoto wa mwenzetu ni wanne. Kama baba yao alibeba kosa lile, kila mmoja amekwisha kurushiwa kifuniko chake, na hakuna maombi wala mashitaka yatakayokigeuza. Lakini wakubwa wawili wanakaribia miaka ya kuanza kuangaliwa, na anayejua majina yote ya wafu wao, na miaka yao, ni yule mama mzee aliyefukuzwa. Jumapili sisi wa sendika tutaenda kumuomba arudi, na kaye tutaibeba.